Kampeni ya Wadi na Simu ya Mkononi: Barua Pepe, Blogu na Mitandao ya Kijamii Vitumikeje?

Uchaguzi mkuu ujao nchini Kenya umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo kila mpiga kura atapewa karatasi sita, na mojawapo itakuwa ya kumchagua mwakilishi wa wadi, ambaye wengi humwita MCA. Mara nyingi karatasi hii hupewa uzito mdogo kuliko ile ya rais. Hata hivyo mwakilishi wa wadi ndiye anayeketi katika bunge la kaunti, na bunge hilo ndilo linalopitisha bajeti ya zahanati, shule za chekechea, maji na barabara za kaunti. Kwa mama anayetembea kilomita nane kutafuta dawa ya mtoto, huenda hakuna kura nyingine iliyo karibu zaidi na maisha yake.

Makala hii inaeleza jinsi barua pepe, blogu, WhatsApp, Facebook na ujumbe mfupi wa simu vinavyoweza kutumika katika kampeni ya ngazi ya wadi. Imeandikwa kwa ajili ya mgombea asiye na fedha nyingi. Imeandikwa pia kwa ajili ya kikundi cha wananchi kisichomuunga mkono mgombea yeyote, bali kinachotaka wagombea wote waseme watafanya nini kuhusu jambo fulani. Ingawa mifano mingi inatoka Kenya, wasomaji wa nchi jirani wataona kwamba mengi yanawahusu.

Wadi ni mahali padogo

Tuanze na hesabu. Kenya ina wadi 1,450. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 waliojiandikisha kupiga kura walikuwa 22,120,458. Tukigawanya, tunapata wastani wa wapiga kura 15,000 na zaidi kidogo kwa kila wadi. Si wote wanaojitokeza, na kura hugawanyika kati ya wagombea wengi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kwa kura elfu chache, na wakati mwingine anayefuata huachwa nyuma kwa kura chache sana.

Hesabu hii inatufundisha jambo muhimu. Katika kampeni ya urais mtandao hutumika kuwafikia watu ambao mgombea hatawahi kuonana nao. Katika wadi mambo ni tofauti. Watu wanamjua mgombea, wanawajua wazazi wake, na wanakumbuka kama alikuja msibani au hakuja. Hakuna picha ya Facebook inayoweza kufuta hayo. Kazi ya vyombo hivi ni kuwakutanisha watu, kuwapa habari za kweli, na kuwasaidia kukumbuka kilichoahidiwa. Vinapofanya hivyo vinafaa sana. Vinapochukua nafasi ya kukutana na watu, huwa ni kupoteza bando tu.

Funzo kutoka Marekani

Jambo hili lilionekana mapema nchini Marekani. Mwaka 2003 Howard Dean, aliyekuwa gavana wa jimbo dogo la Vermont, aliwania kuteuliwa na chama chake kugombea urais. Kampeni yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutegemea intaneti kwa kiasi kikubwa. Wafuasi wake walikuwa na blogu yao, walipanga mikutano ya mitaani kupitia tovuti, na walichanga fedha nyingi kwa viwango vidogo vidogo. Magazeti yalianza kumwona kama mshindi. Lakini kura ya kwanza ilipopigwa katika jimbo la Iowa tarehe 19 Januari 2004, Dean alishika nafasi ya tatu. Maelfu ya wafuasi wake walikuwa wamesafiri kutoka majimbo mengine kwenda kubisha hodi huko Iowa, lakini kwa wenyeji hao walikuwa wageni.

Miaka minne baadaye Barack Obama alitumia vyombo vilevile kwa njia nyingine. Inasemekana kampeni yake ya 2008 ilikusanya anwani za barua pepe zipatazo milioni 13. Lakini aliyejiunga hakuachwa asome tu. Tovuti yake ilimwezesha kupata majina ya wapiga kura wa mtaa wake ili awatembelee au awapigie simu, na kualika majirani nyumbani kwake kwa mazungumzo. Intaneti ilimtuma jirani kwa jirani. Tofauti hiyo ndiyo ya kukumbuka tunapopanga kampeni ya wadi.

Kila chombo na kazi yake

Kosa la kawaida ni kutuma ujumbe uleule kila mahali. Kila chombo kina watu wake na kazi yake.

Ujumbe mfupi wa simu (SMS). Huu unamfikia hata mwenye simu ya kawaida, ile ambayo wengine huiita kabambe au mulika mwizi. Hauhitaji bando, na unaweza kusomwa mahali ambapo mtandao ni hafifu. Unafaa kwa mambo mafupi: tarehe, saa na mahali pa mkutano. Ukitaka kutuma kwa watu wengi kwa pamoja kupitia kampuni ya simu, uliza kwanza masharti yaliyopo. Kabla ya chaguzi za 2013 na 2017 zilitolewa kanuni zilizotaka ujumbe wa kisiasa wa aina hiyo upitiwe kwanza kabla haujatumwa.

WhatsApp. Hapa ndipo mazungumzo mengi ya kijiji yanapofanyika siku hizi. Kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024, lakini kundi kubwa huwa kelele. Ni afadhali kuwa na makundi madogo kwa kila kijiji au kituo cha kupigia kura, kila moja likiwa na msimamizi anayewajua wanachama wake. Kuna pia njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 bila kuwaweka katika kundi. Kila mmoja hupokea peke yake, na akijibu, jibu linakuja kwako tu. Lakini ujumbe huo unawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Huu ni ulinzi mzuri, kwani maana yake ni kwamba mtu amekubali kukujua.

Facebook. Akaunti ya mtu binafsi ina kikomo cha marafiki 5,000. Mgombea au kikundi ni vizuri kifungue ukurasa wake, tofauti na akaunti ya mtu, ili usimamiwe na watu wawili au watatu. Facebook inafaa kwa picha, kwa matangazo ya mikutano, na kwa kuwafikia wazaliwa wa wadi wanaoishi Nairobi, Mombasa au ng'ambo.

X na TikTok. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walitumia vyombo hivi kueleza na kupinga Muswada wa Fedha. Wengine waliufafanua muswada kwa lugha za nyumbani ili wazazi wao waelewe. Bunge liliupitisha tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hata hivyo hapakuwa na ushindi wa bure: watu wengi waliuawa katika maandamano hayo. Kwa kampeni ya wadi, funzo ni lile la kufafanua. Video ya dakika moja inayoeleza kwa lugha ya nyumbani kaunti imetenga kiasi gani kwa maji ina faida kuliko wimbo wa kumsifu mgombea.

Barua pepe. Wengi hudhani imepitwa na wakati. Kweli, si njia ya kumfikia mkulima shambani. Lakini ni njia bora ya kuwaandikia waandishi wa habari, karani wa bunge la kaunti, afisa wa tume ya uchaguzi, na wahisani wanaotaka kuona hesabu. Barua pepe huacha ushahidi wa tarehe na maneno. Kama umeomba nakala ya bajeti na hujajibiwa, unaweza kuonyesha siku uliyoomba. Unapowaandikia watu wengi, weka anwani zao mahali ambapo hawaonani, ili anwani ya mtu isisambazwe bila ridhaa yake.

Blogu. Maandishi ya WhatsApp hupotea chini ya salamu na picha za maua. Blogu hutunza. Ndani yake kikundi kinaweza kuweka ahadi za kila mgombea, tarehe alipozitoa, na picha ya daraja lilivyo leo. Mfano mzuri wa Kenya ni Mzalendo, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh pamoja na Conrad Akunga ili wananchi waweze kufuatilia kazi za wabunge. Kikundi cha wadi kinaweza kufanya jambo kama hilo kwa kiwango chake. Tumia maneno mafupi na picha ndogo ili ukurasa ufunguke haraka na usimalize bando la msomaji.

Si lazima kutumia vyote. Kikundi chenye watu watatu wa kujitolea kinaweza kuanza na SMS, makundi machache ya WhatsApp na blogu moja. Ni afadhali vyombo vitatu vinavyojibiwa kila siku kuliko saba vilivyotelekezwa.

Orodha ya namba ni amana

Kitu chenye thamani kuliko vyote katika kampeni ya namna hii ni orodha ya namba za simu. Ndiyo maana orodha huibwa, huuzwa na huombwa kwa siri. Viongozi wa makanisa, misikiti, vyama vya akiba na vikundi vya akina mama huombwa sana, kwa sababu daftari zao zina namba za watu wengi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja aliandika jina na namba yake kwenye daftari wakati wa ukame, ili apate unga wa msaada. Miaka miwili baadaye anapokea ujumbe kutoka kwa mgombea ukimwita kwa jina. Atafikiri nini? Huenda akadhani kwamba unga ule ulitoka kwa mgombea. Huenda akaogopa kwamba asipompigia kura, jina lake litaondolewa msaada ukija tena. Hakuna aliyemtisha, lakini tayari kura yake si huru. Na kikundi kilichogawa unga kimepoteza jina lake jema kwa watu wote waliopokea ujumbe huo.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza jambo hili wazi. Habari za mtu zilizokusanywa kwa kusudi moja hazipaswi kutumiwa kwa kusudi jingine lisilolingana nalo bila ridhaa yake. Mtu ana haki ya kujua kwa nini habari zake zinachukuliwa, na anaweza kupinga zisitumiwe. Ipo pia ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko.

Wakenya walipata kuonja uchungu wa jambo hili mwezi wa Juni 2021. Tovuti ya serikali ilipowawezesha kuangalia kama wameandikishwa katika chama cha siasa, wengi walishangaa kukuta majina yao katika vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

• Anzeni orodha mpya. Msitumie daftari la msaada, la sadaka, la shule wala la zahanati.
• Mwambieni mtu kabla ya kuandika namba yake: ninyi ni nani, mtamtumia nini, na mara ngapi.
• Kila baada ya muda, wakumbusheni watu namna ya kujiondoa. Anayesema "nitoeni" atolewe siku hiyohiyo, bila kuulizwa sababu.
• Orodha ishikwe na watu wawili tu wanaojulikana, na simu zao ziwe na namba ya siri.
• Kabla ya kuanza, amueni kwa maandishi orodha itafanyiwa nini baada ya uchaguzi. Je, itafutwa, au itaendelea kutumika kwa ridhaa mpya?

Kiongozi wa dini akiombwa daftari anaweza kujibu kwa upole: "Namba hizi si zangu, ni za waumini. Njoo uzungumze nao mwenyewe pamoja na wagombea wengine." Jibu hili halimvunjii mtu heshima, na linawapa wagombea wote nafasi sawa.

Ujumbe mzuri ukoje?

Ujumbe mzuri una jambo moja, mahali pamoja na tendo moja. Linganisha jumbe hizi mbili.

Wa kwanza: "Wananchi watukufu, wakati wa mabadiliko ni sasa! Chagueni maendeleo, chagueni uongozi bora!"

Wa pili: "Ndugu zetu wa wadi, zahanati yetu haina dawa za malaria tangu Machi. Jumamosi saa nne asubuhi wagombea wote watano wataulizwa mbele ya wananchi watafanya nini. Mahali ni uwanja wa shule ya msingi. Njoo na jirani mmoja. Ukiwa na mzee au mgonjwa anayehitaji usafiri, mpigie katibu. Kamati ya Afya."

Ujumbe wa kwanza unaweza kutumwa na yeyote, popote, mwaka wowote. Wa pili unataja tatizo, siku na mahali, na unamwomba msomaji afanye jambo analoliweza. Pia umetiwa jina la anayeutuma. Ujumbe wa kampeni usio na jina usiutume, na ukiupokea usiusambaze.

Andika kwa lugha ambayo watu huizungumza. Kama wadi ina lugha mbili au tatu, tumia Kiswahili katika kundi la wote, ili asiwepo anayehisi kwamba kuna jambo linasemwa pembeni. Usitume usiku. Usitume kila siku. Na mtu akiuliza swali, jibu. Asiyejibiwa mara mbili hataandika mara ya tatu.

Maneno yanayochoma

Hatuwezi kuzungumzia simu na siasa nchini Kenya bila kukumbuka mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Baada ya matokeo ya urais kupingwa, ghasia zilisambaa katika sehemu nyingi za nchi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Katika siku hizo simu zilipitisha ujumbe wa kuwataka watu wawafukuze majirani wa kabila jingine. Ujumbe huo ulitoka kwa mtu anayejulikana kwenda kwa mtu anayejulikana, na ndiyo sababu uliaminiwa.

Lakini simu hizohizo zilifanya kazi ya kuokoa. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari tarehe 30 Desemba 2007, blogu zikawa njia mojawapo ya kujua yanayotokea. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, kupitia blogu yake, alitoa wazo la kuwa na ramani ya matukio. Wataalamu wachache wa kompyuta wakaitikia, na tovuti ya Ushahidi ikazaliwa. Wananchi waliweza kutuma habari za ghasia, na pia za juhudi za amani, zikaonyeshwa kwenye ramani. Kampuni ya Safaricom nayo ilituma ujumbe wa amani kwa wateja wake.

Tangu wakati huo sheria imekuwa kali zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza, lakini hailindi uchochezi wa vita na ghasia wala matamshi ya chuki. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeeneza chuki ya kikabila. Aliyesambaza hawezi kujitetea kwamba si yeye aliyeandika.

Kampuni ya WhatsApp pia ilipunguza kasi ya uvumi. Tangu 2019 ujumbe mmoja unaweza kusambazwa kwa mazungumzo yasiyozidi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa sana hupelekwa kwa mazungumzo moja tu kila mara. Ukiona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepitia mikono mingi na huenda hakuna anayejua ulikotoka.

Siku hizi kuna hatari nyingine. Programu za akili bandia zinaweza kutengeneza sauti au video ya mtu akisema asichowahi kusema. Katika wadi tuna dawa ambayo kampeni ya taifa haina: tunaweza kwenda nyumbani kwa mtu tukamuuliza.

Msimamizi wa kundi akiona uvumi, afanye hivi:

1. Asiusambaze tena, hata kwa nia ya kuukanusha.
2. Ampigie simu aliyeuleta na kumuuliza aliupata wapi. Asimwaibishe mbele ya wote.
3. Atafute mtu aliyeshuhudia, au mwenye mamlaka juu ya jambo hilo, kama vile muuguzi, mwalimu mkuu au afisa wa uchaguzi.
4. Aandike ukweli katika kundi lilelile, kwa maneno machache, akitaja chanzo na tarehe.
5. Kama ujumbe unachochea ghasia, auondoe, ahifadhi picha yake, na kutoa taarifa kwa wanaohusika.

Usalama wa anayeandika

Kuandika ukweli kuhusu wenye madaraka kuna gharama. Mwezi wa Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomtaja afisa mkuu wa polisi, akafa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Habari hii iliihuzunisha nchi nzima. Haipaswi kutunyamazisha, lakini inatufundisha tusimwache mtu mmoja abebe kazi ya kuandika peke yake.

Habari nzito itolewe kwa jina la kamati, baada ya watu zaidi ya mmoja kuisoma. Andikeni mnachoweza kukithibitisha kwa hati, picha au shahidi. Semeni juu ya kazi ya kiongozi, wala si juu ya nyumba yake na watoto wake. Wekeni nakala ya maandishi yenu mahali pengine. Mwandishi awe na mtu anayejua aliko, na wote wawe na namba ya wakili au shirika la haki za binadamu.

Mtandao ukizimwa

Kampeni inayotegemea intaneti tupu inaweza kukatwa kwa siku moja. Nchini Uganda intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, na ilikaa siku kadhaa bila kurudi. Nchini Tanzania ilizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Hata pasipo amri ya serikali, mnara wa simu unaweza kukosa umeme.

Kwa hiyo kila kijiji kiwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa mpokeaji na mtoaji wa habari, mwenye orodha fupi iliyoandikwa kwenye karatasi. Muwe mmekubaliana mapema mahali pa kukutana na saa ya kukutana mawasiliano yakikatika. Mkipanga hivi, mtagundua kwamba mpango wa siku isiyo na mtandao unafanana sana na kampeni nzuri ya siku zote: watu wanaojuana, wanaotembeleana na kuaminiana.

Siku ya kura na baada yake

Kipindi cha kampeni kina mwisho wake. Mwaka 2022 kampeni zilifungwa tarehe 6 Agosti, na kura ikapigwa tarehe 9. Baada ya kufungwa, makundi yenu yasitume tena ujumbe wa kuombea kura. Yatumike kwa mambo ya kusaidia wote: vituo viko wapi, vinafunguliwa saa ngapi, na mpiga kura aje na kitambulisho gani.

Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa nje ya kituo. Kila aliyepo anaweza kuyasoma. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye intaneti aliweza kuzijumlisha. Kwa kura ya wadi, picha za matokeo yaliyobandikwa katika vituo vyenu, zikitunzwa vizuri, zinaweza kutuliza uvumi mwingi. Tumeni picha ya karatasi, msitume makisio.

Mwisho, msivunje kundi siku ya kuapishwa. Ahadi hutimizwa katika bajeti, na bajeti ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia 30 Aprili. Andikeni tarehe hizi ukutani. Wiki mbili kabla ya kila tarehe, tumieni barua pepe kuomba nakala, blogu kukumbusha kilichoahidiwa, na SMS kuwaita watu kwenye mkutano wa maoni ya wananchi. Mama yule anayetembea kilomita nane hatajua ni chombo gani kilitumika. Atajua tu kama dawa imefika karibu au haijafika.

Maswali ya majadiliano

1. Katika wadi yetu ni akina nani wasio na simu, au wenye simu ya kawaida tu? Tutawafikiaje bila kuwafanya wajione wa mwisho?
2. Kikundi chetu kina daftari gani zenye majina na namba za watu? Watu hao walituambia tuzitumie kwa kazi gani?
3. Mgombea ambaye ni rafiki yetu au ndugu yetu akiomba orodha, tutamjibuje?
4. Kumbukeni uvumi mmoja uliosambaa katika eneo letu. Nani angeweza kuuzuia, na kwa njia gani?
5. Mtandao ukikatika siku ya uchaguzi, tutakutana wapi, na nani atawajulisha wazee na wagonjwa?
6. Ni ahadi gani tatu zilizotolewa katika uchaguzi uliopita? Tunaweza kupata wapi ushahidi wake, na nani ataziandika?